Risasi ya Mwendo wa Kobe

Fundi alikuwa anachomelea bawaba ya grili la duka la dawa aliposikia mkewe akipigwa risasi redioni. Redio ilikuwa juu ya kopo la rangi, pale inapokaa kila siku, na waya wa antena ameufunga kwenye nondo ili ishike vizuri. Mkewe alikuwa anamalizia habari za saa saba. Alisema makombora yameangukia foleni ya watu waliokuwa wakinunua unga, akasema yalitoka kilimani kwenye jeshi la serikali, na kwamba ameyaona yakitoka kwa macho yake mwenyewe. Halafu akafunga kama anavyofunga siku zote: "Nimesimama hapa kwenye kiwanda cha unga, upande wa mizani." Ukasikika mlio mmoja mkavu. Kisha ukapigwa muziki.

Fundi alizima mashine, akavua miwani ya kazi, akakaa juu ya rundo la nondo. Wateja wawili walikuja kuulizia madirisha yao wakamkuta amekaa hivyohivyo, wakaondoka bila kuaga. Jioni, kabla ya muda wa amri ya kutotoka nje, mkewe aliingia uani na mkoba wake begani, vumbi mpaka kwenye kope, akaomba maji.

"Nimesikia umepigwa risasi," fundi alisema.

"Nimepigwa."

"Imekupata wapi?"

"Bado haijanipata. Iko njiani."

Alikunywa maji yote, akaomba mengine. Alieleza kwamba risasi ilitoka kwenye bunduki vizuri tu, akaiona kabisa, lakini ilipofika hewani ikapunguza mwendo, na mpaka yeye anafunga mkoba wake ilikuwa haijafika hata nusu ya uwanja wa kiwanda. Mama mkwe wa fundi, ambaye alikuwa akiishi nao, aliuliza kama isingewezekana mtu kuidaka tu kwa kitambaa. Mkewe alisema kuli mmoja alijaribu kwa kofia yake, na kofia sasa ina tundu. Usiku ule fundi alilala amemshika mkono, naye mkewe akakoroma mpaka asubuhi.

Kesho yake watu wote waliiona. Ilikuwa inapita barabara ya daraja kwa mwendo wa kobe, usawa wa kifua cha mwanamke mrefu, ikivuma kama nzi aliyefungiwa chupani. Watu haikuwagusa. Ikikutana na mtu ilimzunguka kwa adabu na kushika njia yake tena, maana ilikuwa risasi ya mtu mmoja na yenyewe ilijua hivyo. Palipokuwa na mlango ilipita mlangoni, na kama mlango wa mbao umefungwa ilitoboa na kuacha tundu safi. Muda wa amri ya kutotoka nje ulipofika ilisimama papo hapo hewani, kama kila mtu, ikangoja kupambazuke. Wenye maduka walisogeza meza zao kuipisha. Serikali, ili isije ikasababisha msongamano, iliipa askari wa usalama barabarani, mtu mzima mpole mwenye filimbi, awe anatangulia mbele kuifungulia njia.

Kilichomtia fundi hofu kilikuwa kingine. Mjini mkewe aliitwa Nimesimama. Jina hilo alipewa na wasikilizaji, kwa sababu hakuwahi kumaliza habari bila kusema amesimama wapi, na alikuwa amesimama hapo kweli. Redio ya serikali ilisoma habari za mji mzima bila kusimama popote. Yeye akisema amesimama darajani, watu walijua daraja linapitika, wakavuka. Akisema amesimama hospitali, wagonjwa waliokuwa wamejificha walitolewa ndani na kubebwa. Mji mzima ulitembea kwa miguu yake. Na siku ile ya pili aliposema redioni kwamba amesimama hospitali, mlango wa wodi ya wazazi, fundi, aliyekuwa barabarani, aliiona kwa macho yake risasi ikisita kwenye kona ya posta, ikageuza pua, ikashika njia ya hospitali.

"Inakusikiliza," alimwambia jioni.

"Kila mtu ananisikiliza."

"Mke wangu, usiseme tena umesimama wapi. Sema habari, kisha nyamaza."

"Nikisema habari bila kusema nimesimama wapi, nitakuwa nimekaa ofisini kama wale." Alikuwa anakuna matope kwenye viatu kwa kijiti. "Unafikiri siogopi? Naogopa mpaka meno yanagongana. Nikiwa hewani ndipo yanatulia."

Serikali ilikuwa na Ofisi ya Ulinzi wa Wanahabari. Ilifunguliwa baada ya wakubwa kwenda nchi za mbali kutia saini mkataba, wakarudi na picha nzuri. Ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya chini ya jengo la wizara, chenye meza, feni isiyozunguka, viti vitatu ambavyo bado vilikuwa na nailoni zake, na afisa mmoja wa sauti ya upole aliyewakaribisha fundi na mkewe kama watu waliokuja kuchumbia.

"Serikali inaitambua risasi hii, dada yangu," alisema. "Tena inaifuatilia kwa karibu."

"Basi iizuie," fundi alisema.

"Hapo sasa ndipo penye ugumu." Afisa alisogeza kiti. "Tuseme ni yetu. Sisi tumetia saini, hatuwezi kumlenga mwanahabari, kwa hiyo itakuwa imepotea njia tu na itachoka yenyewe. Tuseme ni ya wale waasi. Hiyo ni kazi ya jeshi. Jeshi wanasema iko mitaani, ni ya polisi. Polisi wanasema haijamdhuru mtu, hakuna kosa."

"Na ikishamdhuru?"

"Uchunguzi utaanza siku hiyohiyo. Hilo naweza kukuahidi."

Mkewe aliomba kibali cha kutoka mjini, kwa kuwa barabara pekee iliyobaki ilikuwa mikononi mwa jeshi na hakupita mtu bila kibali. Afisa aliangalia mlangoni, akashusha sauti. Alisema akiondoka kwa sababu ya risasi, wageni watasema nchi haina ulinzi kwa wanahabari, na yeye ataulizwa. Badala yake alifungua kabati akatoa fulana ya kuzuia risasi, ya buluu, imeandikwa MWANAHABARI mbele na nyuma kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kutoka kilimani. Fundi aliibinya. Ilikuwa nyepesi.

"Vyuma vya ndani viko njiani," afisa alisema.

Walipofika nyumbani, mama mkwe aliivaa ile fulana kuona inakaaje, akajizungusha kwenye kioo. "Vyuma viko njiani, risasi iko njiani," alisema. "Tuone kipi kitatangulia." Walicheka wote watatu, kisha mama akaivua na kuingia jikoni, na walimsikia akilia huko huku akigongagonga masufuria ili wasimsikie.

Siku zikawa za namna moja. Mkewe aliripoti na kuondoka kabla risasi haijafika, kesho akaripoti kwingine. Lakini mji ulikuwa unapungua. Vita vilikula mtaa baada ya mtaa, na pa kusimama pakawa pachache, na pachache pale palikuwa karibukaribu. Safari moja alipokuwa anatoka soko la nguo, risasi ilikuwa inaingia kwa lango lilelile. Walipishana.

Fundi naye alikuwa ameona jambo. Katika uchochoro wa nyuma ya shule, gari la jeshi la deraya lilikuwa limeegeshwa limeziba njia yote. Risasi ilifika ikaweka pua kwenye chuma kile na kukwama, ikawa inavuma tu kama mdudu kwenye kioo cha dirisha. Haikutoboa. Ilikwama tangu asubuhi hadi watoto walipotoka shule. Fundi alisimama pale akiiangalia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mizani alipumua mpaka chini. Kisha askari mwenye filimbi akamgongea dereva wa deraya dirishani, akamwomba asogeze gari, na dereva, kijana mwenye heshima zake, akasogeza. Risasi ikapita.

Hapo fundi akajua la kufanya. Nyuma ya karakana alikuwa na mabamba mawili mazito aliyoyatoa kwenye behewa bovu, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyataka kwa sababu hakuna bawaba ya kuyabeba. Alitengeneza bawaba. Alichomelea mabamba yale yakawa kitu kimoja, akaweka makomeo matatu, akaipaka rangi ya kijani kazi yake nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja tu wa mbele na wa nyuma unaotokea karakana, na ule wa karakana ulikuwa wa chuma tayari. Mlango mpya uliposimama, mama mkwe aliugonga kwa mwiko, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mkewe alipiga simu studio, juu ya jengo la zamani la posta, akaongea na mtu wa mitambo, ambaye ndiye aliyebaki peke yake kwenye redio ile. Mtu wa mitambo akamuunganisha hewani. Alisoma habari zote alizokuwa amezibana moyoni, makombora ya kilimani, foleni, majina, sauti yake imetulia kama maji ya mtungini. Akamaliza: "Nimesimama nyumbani kwangu, nyuma ya karakana ya milango." Mbali huko, risasi ikageuza pua. Fundi hakujali. Ije igonge mlango wake mpaka ichoke.

Mlango ulikaa siku chache tu. Lilikuja lori la serikali na wanajeshi, na afisa wa ulinzi ameketi mbele na dereva, haangalii pembeni. Walieleza kwamba chuma cha unene ule ni mali ya vita na raia haruhusiwi kukaa nacho. Fundi aliuliza kinakwenda kutumika wapi. Afisa alijikohoza. Mlango ungefungwa kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Wanahabari, alisema, kwa kuwa ofisi nyeti kama ile haiwezi kukaa na mlango wa mbao wakati risasi inazurura mjini. Na kwa kuwa bawaba zile hakuna mwingine aliyezielewa, walimpakia fundi pamoja na mlango, akaenda akaufunga kwa mikono yake mwenyewe. Aliufunga vizuri. Aliogopa kuufunga vibaya.

"Basi aje akae humu ndani," alimwambia afisa akiwa anakaza parafujo ya mwisho.

"Mlango wetu uko wazi kwake siku zote," afisa alisema. "Mpaka saa tisa na nusu."

Jioni ile mlangoni kwao walitundika pazia. Risasi ilikuwa tayari imepita soko la nguo. Fundi alimsihi mkewe wahamie kwa ndugu na asiseme neno tena redioni, lakini mkewe alikuwa ameukalia ukingo wa kitanda ameshika simu isiyo na mtu upande wa pili. Uso ule fundi hakuuweza. Asubuhi alitoka bila kuaga, akapanda ngazi za posta mpaka studio.

Mtu wa mitambo alikuwa anamwita mke wa fundi dada, na alimpenda kama dada. Ndiyo maana alikubali. Alikuwa na kanda za nyuma za kila siku, na kati ya hizo walichagua moja ya kabla ya makombora, siku ya kawaida kabisa. Saa saba mtu wa mitambo alisoma habari mbili tatu za hali ya maji, kisha akaachia sauti ya mwanamke, safi, haina wasiwasi: "Nimesimama hapa kwenye kiwanda cha unga, upande wa mizani, na milango iko wazi." Fundi alichungulia dirishani. Kule chini, mbali, aliona watu wakifungua njia katikati ya barabara, na kile kidoa kidogo kikivuma, kikasita, kikageuka nyuma. Alimkumbatia mtu wa mitambo, wakacheka kama walevi. Kiwanda kilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, na tangu siku ya makombora kilikuwa kimefungwa. Risasi ingekaa huko ikivuma peke yake.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mlangoni alimkuta jirani yao, mwalimu wa darasa la kwanza, ameshika mifuko miwili mitupu.

"Nimemsikia bibi yako yuko kiwandani, kumbe wamefungua," mwalimu alisema. "Niwaletee na nyie?"

Nyuma ya pazia mkewe alikuwa amelala. Fundi alifikiri haraka. Akisema ukweli, mwalimu angesema kwa mwingine, na yule kwa mwingine, na risasi ingesikia. Alijua mwalimu atakuta geti limefungwa na kurudi analaani, na kulaaniwa hakuui, basi akasema, "Hapana, asante jirani."

Mwalimu akaenda. Wengine wengi walikuwa wameshatangulia, mifuko kwapani, wengine na watoto mgongoni, kwa sababu Nimesimama amesimama pale na milango iko wazi. Kutoka kilimani walionekana vizuri, watu wengi wamekusanyika mbele ya kiwanda kilichofungwa. Makombora yalisikika mpaka karakana. Miwani ya kazi iliyotundikwa ukutani ilianguka chini.

Habari ya kifo cha mwalimu ililetwa na mumewe, aliyekuja kuuliza kwa nini. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, akangoja, na alipoona mke wa fundi ametokea nyuma ya pazia na macho ya usingizi, hana vumbi hata kidogo, alielewa kwamba mwanamke huyu leo hakusimama popote. Akageuka akaenda zake. Redio ya serikali jioni ilisema mwanahabari mmoja asiyewajibika amewaita wananchi mahali pa hatari.

Fundi alimweleza mkewe kila kitu. Alitamani mkewe ampige, amtukane, ampasulie redio kichwani. Mkewe alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akawa anasugua magoti kwa viganja.

"Walikwenda kwa miguu yangu," alisema.

Asubuhi alioga, akavaa ile fulana ya buluu isiyo na vyuma, akapiga simu studio. Mtu wa mitambo alilia kwenye simu, akamuunganisha. Mkewe aliwaambia watu kwamba sauti waliyoisikia ni yake lakini ya siku ya zamani, kwamba kiwanda kimefungwa, asiende mtu, na kwamba makombora yote, ya kwanza na ya pili, yametoka kilima kilekile. Kisha akavuta pumzi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, anatikisa kichwa, anamkataza kwa macho, kwa mikono, kwa mwili mzima.

"Nimesimama nyumbani kwangu, nyuma ya karakana ya milango," alisema. "Na leo sitaondoka hapa. Asiyeniamini aje anione."

Walikuja. Wasingekuwa na sababu ya kumwamini tena bila kumwona, na yeye alijua hivyo. Walipita uani mmoja mmoja, wakamtazama amesimama nyuma ya pazia lililofungwa upande, wakamgusa mkono, wakaenda kuwaambia wenzao wasiende kiwandani. Mume wa mwalimu alikuja, akamtazama kuliko wote, akaitikia kwa kichwa. Risasi wakati huo ilikuwa imeshavuka daraja. Kila aliyekuja alisema imefika wapi, kwa sauti ya mtu anayetaja mawingu ya mvua.

"Tuondoke sasa," fundi alisema. "Wameshakuona."

"Bado wanakuja."

"Wanakuja na yenyewe inakuja."

"Najua. Shika hapa." Aliuchukua mkono wake akauweka kwenye fulana, juu ya moyo, na moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayetaka kufunguliwa. "Naogopa hivyo. Lakini nikiondoka wa mwisho akikuta nyumba tupu, atasema hata leo nimedanganya, na kesho atakwenda kufuata unga. Nenda kaombe mlango."

Fundi alikimbia. Kwenye jengo la wizara alikuta viti vimepangwa nje, na watu wamevaa suti, na utepe mwekundu umefungwa kukatiza mlango wake wa kijani. Mlango ulikuwa unazinduliwa. Waziri alikuwa anaeleza kwamba serikali yake, tofauti na serikali nyingi, imeweka chuma pale ambapo wengine wameweka maneno. Watu walipiga makofi. Fundi alipenya mpaka kwa afisa, akamshika mkono wa koti.

"Nipe mlango. Leo tu. Nitaurudisha na rangi yake."

Afisa alikuwa anatokwa jasho. "Ndugu yangu, unaona hali."

"Iko mtaani kwetu."

"Njoo kesho," afisa alisema, na midomo yake ilikuwa imepauka kwa woga, na fundi aliona kwamba mtu huyu angetoa mlango ule kama kuna mtu angemwamuru, na hakuna mtu angemwamuru. "Kesho asubuhi nitakuwa peke yangu."

Waziri akakata utepe. Fundi alirudi mbio, kifua kinamwaka, na kwenye kona ya mtaa wao alisikia filimbi. Askari mpole alikuwa anawapanga watu pande mbili za barabara. Katikati, risasi ilikuwa inapita. Fundi aliipita akikimbia, ikiwa karibu na bega lake, akaingia uani, akasimama mbele ya mkewe ameipa nyumba mgongo. Mama mkwe alitoka na sinia kubwa la bati akasimama mbele ya fundi. Simu ilikuwa mkononi mwa mke wa fundi, mtu wa mitambo amemuunganisha hewani, na mji wote ulikuwa unasikiliza.

Risasi ilimzunguka mama mkwe. Mama aligeuka nayo, akaipiga kwa sinia, ikatoboa sinia ikaendelea. "Nina mtoto mmoja," mama aliiambia. "Hata haya huna." Ilimfikia fundi, na fundi akatanua mikono, akasogea kushoto, ikaenda kulia, akasogea kulia, ikaenda kushoto, bila haraka, kama watu wawili waliokutana kwenye njia nyembamba na mmoja wao ana safari. Alijaribu kuishika. Ilipita katikati ya vidole vyake ikiwa ya moto, na haikumchubua hata ngozi, na hilo ndilo lililomfanya alie kwa sauti. Askari alikuwa amesimama getini ameshika filimbi, anatazama chini.

"Ndogo kuliko nilivyodhani," mkewe alikuwa anasema kwenye simu. Meno yake hayakuwa yanagongana. "Rangi ya shaba. Iko mkono mmoja kutoka kwangu. Polisi yupo. Hakuna mwenye mamlaka aliyeizuia, tangu kiwandani mpaka hapa, na wote wameiona." Akamtazama fundi. "Mume wangu amejaribu kuizuia. Andikeni hivyo."

Iliingia kwenye herufi ya tatu ya neno MWANAHABARI, polepole, na mpaka ilipotokea upande wa pili mkewe alikuwa ameshamwegemea. Walishuka chini pamoja mpaka kizingitini. Alimwita jina lake mara moja, jina la nyumbani, akafa. Mama mkwe alikaa chini palepale alipokuwa amesimama na sinia mapajani.

Simu ilikuwa imeanguka lakini haikuwa imekatika. Ilisikika sauti ya mtu wa mitambo, inakwama, inaanza upya. Aliueleza mji kilichotokea, kilima, kiwanda, mlango, utepe, yote bila kuruka. Alikuwa hajawahi kusoma habari kubwa maishani mwake. Alipofika mwisho akasita, watu wote wakamsikia akisita, kisha akasema, "Nimesimama juu ya posta, chumba cha mitambo."

Ndani ya nyumba, mahali ilipokuwa imeanza kutulia hewani, risasi iligeuza pua. Ilirudi kuelekea mlangoni. Kizingiti kilikuwa chembamba, na fundi alikuwa amekijaza, yeye na mkewe mapajani mwake, hakuna pa kupita. Ikasimama nyuma ya shingo yake ikivuma.

Askari alikuja taratibu kutoka getini, akavua kofia, akainama.

"Pole sana, fundi," alisema. "Sogea kidogo, ipite."

Fundi akamvuta mkewe kwa makwapa, akasogea.